Kitufe cha PIGA

Nyumba za Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
Orofa ya Tatu, Mlango wa Bluu,
S.L.P. 318.

Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote uliowaacha hapa. Hujambo? Kazi zinaendaje? Na lile jino la nyuma, umeling'oa au bado unalibembeleza? Natumaini barua hii itakukuta mzima, umejilaza kwenye kile kitanda chako cha chuma huko kambini, soksi umezianika dirishani kama kawaida yako. Sisi huku ni wazima wa mwili. Hilo neno "wa mwili" nimeliweka kwa makusudi, sababu yake utaikuta mbele.

Najua barua zenu huja na lori la chakula, na kwamba huko mnakochimba simu haishiki hata mtu apande juu ya mnara. Kwa hiyo hata ukinijibu siku hiyohiyo, jibu halinifikii kabla ya wiki tatu. Nimezihesabu mara nyingi hizo wiki tatu. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Nianze na habari nyepesi. Kazini, mashine kubwa ya kukaushia imekufa tangu mwezi wa kwanza. Mashuka ya hoteli yanafika mezani kwangu yakichuruzika maji, nami nayapiga pasi mpaka mvuke unanitoa kamasi. Msimamizi anapita nyuma yetu akisema "harakisheni, harakisheni," na mikono yake yote miwili imo mfukoni. Shemeji yako naye hajambo. Wamempa kupaka rangi shule nzima, darasa kwa darasa, na kila jioni anarudi na nyusi nyeupe. Mpwa wako anamwamkia shikamoo babu.

Sasa nije kwa mama.

Unakumbuka siku ya kuondoka ulimwachia kompyuta yako ile nzito kama tofali, palepale mezani chumbani kwako, ukamwambia asimpe mtu, aifute vumbi tu. Mama akiambiwa afute vumbi, anafuta. Basi mwezi wa kumi na moja, katika kufuta huko, kitambaa kikabonyeza cha kuwashia, kioo kikawaka. Kumbe uliipanga ikiwaka tu ifungue mchezo wako na si kitu kingine. WANAOSEMWA, kwa herufi kubwa za kijani. Mama aliniita kwa sauti ya mtu aliyevunja sahani ya watu.

Najua mchezo ni wako na unaujua kuliko mimi. Lakini wewe uliutazama kwa ndani, kwenye yale maandishi yako yasiyosomeka. Nami nataka ujue sisi tulioutazama kwa nje tuliona nini.

Tuliona picha za vidoa vya mraba, kama zile za michezo ya zamani tuliyokuwa tukigombania kwenye televisheni ya mjomba. Kuna kijitu kimoja, kamera shingoni, kimesimama mbele ya jengo la orofa kumi na mbili. Kinaruka, kinaning'inia, kinapanda. Mlango huu haufunguki mpaka upate tochi, ule mpaka upate kamba, mwingine mpaka upate spana namba kumi na tisa. Ukidhani umelimaliza jengo, shimo la lifti linakushusha chini ya ardhi, kwenye mabomba na mapango na vinamasi, na kote huko kuna wanyama ambao watu wanasema wapo lakini hakuna aliyewathibitisha. Kazi ya kijitu ni kuwasaka na kuwathibitisha.

Nilipowaona hao wanyama nilicheka mpaka nikakaa chini. Mla Vidole, anayekaa kwenye ufa wa mlango wa lifti. Dude la Tangi. Bibi wa Orofa ya Saba na Nusu, anayeishi pale lifti inapokwama. Wewe hujatunga hata mmoja! Wote ni wa baba. Yeye, fundi wa lifti, alitutungia sisi wanawe ili tusiingize vidole milangoni, tusipande kwenye tangi la juu ya paa, na tusimuulize maswali akichelewa kurudi. "Leo Bibi kanishika," alikuwa akisema, na sisi tunaamini.

Halafu siku moja baba mwenyewe akatoka na boksi lake la spana kwenda kutengeneza lifti ya jengo moja la ofisi. Akaitengeneza, wakamshukuru, akashuka kwa ngazi, na nyumbani hakufika. Mwaka wa tisa huu. Unayajua yote haya, nayaandika ili nisipoteze uzi. Tangu siku ile na yeye akawa wa kusemwa. Huyu kamwona sokoni, yule kamwona amelazwa wodini, mwingine anaapa kamwona anauza miwani barabarani. Hakuna aliyethibitisha.

Basi, ukimfikia mnyama, chini ya kioo linatokea neno moja: PIGA. Hapo ndipo balaa letu lilipoanzia.

Wewe ulimaanisha picha. Ungeliandika neno zima, Kijiko, herufi tano tu zaidi, tusingefika hapa. Mama alikaa miaka ishirini na sita mbele ya ubao wa simu wa hospitali, vipokea sauti masikioni, akiunganisha wodi na wodi, mke na mume, mgonjwa na kwao. Katika nyumba yetu kila mtu ana kupiga kwake. Mimi kwangu ni pasi. Baba alikuwa hapigi kitu ila mluzi. Kwa mama, kupiga ni kupiga simu, hakuna kupiga kwingine. Alipomfikia Mla Vidole akabonyeza, mwanga ukamulika, mnyama akatoweka, ukafunguka ukurasa wa kitabu wenye maandishi madogo ambayo macho yake hayawezi. Akanigeukia, uso umechangamka kweli.

"Nimempigia Kijiko. Amepokea, ila hakusema kitu. Labda yuko kazini."

Nilipaswa kumsahihisha palepale. Ningesema, "Mama, hiyo ni picha, mtoto wako hasikii lolote," tungecheka, na leo nisingekuwa naandika barua hii. Lakini ulikuwa umeondoka karibu miaka miwili, hujapata likizo hata moja, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama amekaa wima. Nikamwacha aamini. Nikaona haina madhara. Hilo ni kosa langu na nakuandikia kwa mkono wangu.

Akawa mchezaji. Ungemwona! Mama yako, miwani imefungwa kwa uzi, ulimi umetoka pembeni, anaruka kutoka bomba hadi bomba. Akianguka anasema "samahani" kwa kile kijitu. Kila alasiri anachana nywele kwanza, maana anakwenda kupiga simu. Akimpata mnyama anakohoa kidogo, anabonyeza, kisha anakueleza habari za siku: maji yamekatika, shangazi ana mafua, leo amefika kwenye kinamasi. Mimi jikoni nasikia. Kuna siku nililia huko jikoni, na kuna siku nilicheka. Ndivyo ilivyokuwa miezi mitatu.

Sheria yako nyingine tuliijua mapema: mnyama ukishampiga, anaingia kitabuni na pale alipokuwa haonekani tena, hata urudi mara mia. Na mchezo unajihifadhi wenyewe, haumpi mtu nafasi ya kujuta. Mama hilo halikumsumbua. Simu ikishakatika imekatika, alisema, unatafuta nyingine.

Ikaja Jumapili ya tarehe 16 Februari, saa tisa alasiri. Nilikuwa chumbani kwako, maana ndimo kuna meza nzuri, napiga pasi nguo za nyumbani. Mama alikuwa mbele ya kioo. Alikuwa ameshuka chini kabisa, chini ya vinamasi, mahali penye korido ndefu na taa zinazowakawaka. Wanyama wengine wote alikwisha kuwapiga.

Nikasikia mluzi.

Umeutengeneza kwa zile sauti za kompyuta, pii, pii, lakini ulikuwa ndio wenyewe, wa baba. Tatu za kupanda, moja ya kushuka, kimya, halafu ile ya mwisho inayochelewa, ambayo tulikuwa tukiisubiri ngazini tuanze kukimbia. Niliacha pasi juu ya shati la shemeji yako. Limeungua mgongo mzima, sasa analivaa ndani ya koti.

Kwenye kioo palikuwa na benchi, na juu ya benchi mtu wa vidoa, kofia ameishusha, ametugeuzia mgongo. Kijitu cha mama kikisogea, yeye anainuka, anaingia korido ya mbele, anapiga mluzi, anakaa tena. Mama akamfuata. Korido sita, Kijiko, nilizihesabu. Mama hakuanguka hata mara moja, na pale pana miruko ambayo siku nyingine ilimchukua wiki nzima. Kwenye ya sita hapakuwa na mlango wa kutokea. Yule mtu akasimama, akatazama ukuta. Chini ya kioo likatokea lile neno.

Mama akachana nywele. Akaniambia, taratibu kabisa, sauti yake ya kazini ile: "Kijiko kampata. Kaniunganisha naye."

Nataka nikwambie ukweli wote. Nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema, "Mama usibonyeze, ni picha tu, ukibonyeza anaondoka." Nilifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Na halikukataa kwa sababu ya mshtuko. Na mimi nilitaka kuona kama atageuka.

Akabonyeza. Yule mtu akageuka. Ulimpa uso, vidoa vinne tu vya uso, na ni yeye, sijui uliwezaje. Mwanga ukamulika, korido ikabaki tupu, mluzi ukakatikia katikati.

"Haloo?" mama akasema. "Haloo? Haloo?" Aliita vile anavyojua kuita, bila kupaza sauti, akiacha nafasi kila mara ya mtu kujibu. Nikamshika bega. Hapo ndipo nilipomweleza, nimechelewa miezi mitatu, kwamba PIGA ni picha, kwamba wewe hukupata simu hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi ni mara ya pili."

Sikumwelewa. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hajamwambia mtu kwa miaka tisa. Wiki tatu baada ya baba kutoweka, alipokuwa zamu hospitalini, alimpigia simu. Ile namba yake tuliyokuwa tunaipiga sote haipatikani, siku ile ikaita. Baba akapokea. Akasema haloo. Mama, badala ya kumuuliza yuko wapi, amekula nini, akaanza kumsema. Anasema alimsema kwa nguvu mpaka wenzake wakageuka. Baba hakujibu kitu, alipumua tu, kisha laini ikakatika. Mama akapiga tena mara kumi na nne. Haikuita tena, siku ile wala siku nyingine.

"Kila nikimpata, napiga," aliniambia, "na nikipiga anaondoka."

Nilimwambia si kosa lake. Nilimwambia huyu ni wa kwenye kioo. Yote nimemwambia, mdogo wangu. Ananiitikia "ndiyo, mama" vile anavyomwitikia mtoto, halafu anarudi mezani. Sasa wiki ya tatu. Asubuhi anakaa pale, anakipeleka kile kijitu korido ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, anakisimamisha mbele ya ule ukuta. Hakuna kitu. Anarudi mwanzo. Hachani nywele tena. Chakula anakichovya na kusukuma sahani. Nikimwambia tutoke tukanyooshe miguu anasema, "Nikiwa nje akija je?" Namjibu hawezi kuja, mchezo hauna njia hiyo, naye ananitazama kwa huruma kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Usidhani nimekaa tu nimeshika tama. Nilimleta fundi wa kompyuta wa pale chini, yule ambaye duka lake limejaa nyaya mpaka yeye mwenyewe anaingia kwa ubavu. Alikaa saa nzima, akapekua, akakuna kichwa.

"Dada, hii kaitengeneza nani?"

Nikamwambia mdogo wangu.

"Basi mwite mdogo wako. Mimi humu sina pa kuingilia."

Nikamwambia mdogo wangu yuko mbali, simu haishiki. Akafunga mkoba wake, akasema basi tusiguse kitu. Hiyo ndiyo tiba tuliyopata.

Kuanza upya tunaweza, tumeona. Mchezo wenyewe unauliza: ANZA UPYA? KITABU CHOTE KITAFUTIKA. Chini yake NDIYO na HAPANA. Nilimwambia mama tuanze upya, atamkuta tena, safari hii asibonyeze, amtazame tu. Akaweka kiganja juu ya vitufe nisifike. Kitabu kikifutika na ile picha inafutika, akasema. Kwenye ile picha yake ya ukutani, baba anatazama pembeni. Kwenye hii amegeuka. Nikauondoa mkono wangu.

Na kusema kweli, Kijiko, mimi pia sitaki kitabu kifutike. Sasa nimefika kwenye kilichonifanya nichukue kalamu.

Mama hawezi kuyasoma yale maandishi madogo. Siku iliyofuata ile Jumapili aliniambia nimsomee ukurasa wa baba. Nikavuta kiti. Umeandika hivi, nakunakilia kama ulivyo, nisije nikawa nimesoma vibaya:

JINA: Fundi.
MAKAZI: Hayajulikani.
ISHARA: Kofia ileile. Boksi la spana hana. Anapiga mluzi bila mwenyewe kujua.
ALIONEKANA NA: Mimi. Stesheni ya treni, mwezi wa sita, mwaka mmoja kabla ya safari. Alinunua maji chupa mbili.
Sikupiga.

Nilisoma kimoyomoyo kwanza, na nashukuru nilifanya hivyo. Kwa sauti nilimsomea mama jina, nikamsomea makazi, nikamsomea kofia na mluzi. Nikaishia hapo.

"Na aliyemwona?" akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Patupu, mama."

Tangu siku ile kila siku ananiuliza tena, labda sikuangalia vizuri, labda kuna kurasa mbili zimegandana. Kila siku namdanganya. Nimepiga pasi maisha yangu yote, najua kunyoosha kila aina ya kitambaa, lakini hili limenishinda.

Utaniambia ni mchezo, dada, mambo ya mchezo hubuniwa. Nami nilitaka iwe hivyo. Kwa hiyo mama alipokwenda kuoga nilisoma kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta uongo mmoja tu wa kunipa pumzi. Dude la Tangi: alionekana na dada, akapiga yowe lililofika orofa ya kwanza, kumbe ni shati la baba limeanguka majini. Kweli, lilikuwa la mistari. Mla Vidole: alionekana na mimi, kidole cha shahada, kovu lipo. Kweli, nilikufunga mimi. Bibi wa Orofa ya Saba na Nusu: alionekana na mama, lifti ilipokwama naye saa moja na robo, akatoka akisema ameongea na mtu. Kweli tupu, hadi hiyo robo. Wanyama kumi na tisa, na wote wana shahidi wa kweli. Kwa nini wa ishirini awe wa uongo?

Sikupiga. Nimelisoma neno hilo mpaka limeniingia kichwani nikiwa kazini. Hukupiga nini, Kijiko? Hukupiga picha? Hukupiga simu nyumbani useme njooni, yuko hapa? Hukupiga kelele umwite baba? Hukupiga hata hatua moja mbele? Au unaniambia hukumpiga yeye, ngumi, maana na hilo ningelielewa.

Na chupa mbili. Mtu mwenye kiu yake peke yake hununua moja. Uliandika mbili kwa sababu ulimwona wa pili, au uliandika mbili kwa sababu hukubaki uone ya pili ni ya nani? Nauliza, nikijua kwamba hakuna jibu hapo litakalonifaa.

Kama ni kweli, basi mwaka mzima ulikaa nasi meza moja na jambo hili mdomoni. Mama alikuwa akikuuliza mbona huongei, unajibu ni gemu, nataka nimalize gemu. Sasa naona ulikuwa unamaliza nini. Nakulaumu, sikufichi. Nilikulaumu siku nne mfululizo, nikawa naongea na mashuka. Ya tano nikakumbuka kwamba na mimi nilisimama nyuma ya kiti cha mama na mdomo wazi, nikamwacha abonyeze. Tumetoka tumbo moja.

Ninachokuomba ni neno moja. Usiniandikie barua ndefu, maana mama atataka isomwe kwa sauti mbele yake. Andika barua ya kawaida, jino, kazi, chakula kibaya. Halafu ndani ya bahasha, pale penye gundi, andika kwa herufi ndogo: kweli, au mchezo. Nitaifungua mwenyewe kwa mvuke wa pasi, hiyo ndiyo kazi yangu.

Ukiandika kweli, sijui nitamwambiaje mama kwamba mtoto wake alimwona na akamwacha apite. Ukiandika mchezo, sijui kama nitakuamini. Nimelifikiria kila upande, na kila upande narudi palepale mbele ya ukuta kama kile kijitu. Hata hivyo andika. Siwezi kukaa hivi peke yangu.

Mengine ni madogo. Bomba la bafuni linavuja tena. Lifti ya jengo letu imekufa tangu Krismasi na hakuna fundi aliyekuja. Tunapanda kwa miguu, na mpwa wako anawaambia watoto wa jirani wasiusogelee ule mlango kwa sababu kuna Mla Vidole. Sikumfundisha mimi.

Shemeji yako anakusalimu na anasema utamlipa shati. Shangazi Mkubwa anakusalimu, mafua yamemwachia sauti ya mwanaume na anaifurahia. Binamu yetu Msumari anauliza kama huko kwenu wanahitaji mtu mrefu. Mpwa wako amekuchorea mnyama, nimemweka ndani ya bahasha. Anasema huyu hajasemwa bado na mtu yeyote, kwa hiyo ni wako peke yako. Nami nakusalimu kwa moyo wangu wote, pamoja na hasira zangu. Mungu akulinde huko chini mnakochimba, akutoe kila siku juu ukiwa mzima, na akurudishe kwetu kabla mama hajachoka kungoja.

Kabla sijafunga nilimuuliza mama nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alikuwa palepale, mgongo kwangu, uso kwenye kioo.

"Mwambie siku akija asipige hodi," akasema. "Aingie tu. Mlango nimeuacha wazi."

Na kweli, kitasa amekifungua tangu Jumatatu, hataki tukiguse. Nikamuuliza, "Mama, unamsema nani, Kijiko au baba?" Akakirudisha kile kijitu korido ya kwanza.

Wako akupendaye,
Dada yako, mpiga pasi.